UZI: Msichana akifungiwa "kwa usalama wake", ni nani amelindwa?

1/ Mdahalo wowote wa kisiasa ukigusa usalama, lazima mheshimiwa mmoja atasema vijana wameharibika na yeye ndiye atawanyoosha. Makofi yanapigwa. Msimamizi anarukia swali la barabara. Hakuna anayeuliza: kijana yupi, na mtamnyooshea wapi? Leo tukae hapo kidogo. Tuongee kuhusu wasichana, na watoto ambao hawatoshei vizuri kwenye kisanduku cha "mvulana" au "msichana", wakiwa mikononi mwa serikali.

2/ Sheria za nyumba hii mnazijua: sitaji mwanasiasa, sitaji chama. Mimi ni msaidizi wa kisheria wa kujitolea, si wakili, kwa hivyo nitaeleza kwa lugha ya kawaida na kuwaonyesha kifungu pale kinapohitajika. Uzi ni mrefu. Weka chai.

3/ Kwanza tupange maneno, manake kwenye midahalo huwa yanachanganywa.
Makao ya rimandi ya watoto: mtoto anasubiri kesi, bado hajapatikana na kosa.
Shule ya kurekebisha tabia: mahakama humpeleka huko baada ya kuamua kesi. Iko chini ya Idara ya Huduma za Watoto.
Bostali: iko chini ya Idara ya Magereza, ni ya walio na miaka 15 hadi 17, na muda wa juu ni miaka 3.
Ukisikia mtu anasema "jela ya watoto", muulize anazungumzia ipi kati ya hizo tatu.

4/ Sasa Katiba. Kifungu cha 53(1)(f) kinasema mtoto asizuiliwe isipokuwa kama hatua ya mwisho kabisa. Akizuiliwa, iwe kwa muda mfupi zaidi unaofaa. Awekwe mbali na watu wazima. Na mazingira ya kuzuiliwa kwake yazingatie jinsia na umri wake. Soma hiyo sehemu ya mwisho tena. Jinsia NA umri. Kwa hivyo mtu akikuambia haya mambo ya "mahitaji ya kijinsia" yameletwa na mashirika juzi, mkumbushe kwamba tuliyapigia kura Agosti 2010.

5/ Halafu kuna Sheria ya Watoto ya 2022. Umri wa mtoto kuwajibika kwa kosa la jinai ulipanda kutoka miaka 8 hadi 12. Aliye kati ya 12 na 14 anachukuliwa kuwa hawezi kutofautisha jema na baya, mpaka mahakama iridhishwe vinginevyo. Mtoto hahukumiwi kifungo cha gerezani. Na kuna njia ya kuiondoa kesi kwenye mkondo wa mahakama kabisa: aombe msamaha, afidie alichoharibu, apate ushauri nasaha, arudi darasani. Kwenye karatasi, tuko sawa kuliko nchi nyingi.

6/ Shida inaanza ukifungua ramani. Shule za kurekebisha tabia za wavulana zimetawanyika: Likoni, Kisumu, Kakamega, Kericho, Othaya, Wamumu, Kabete. Za wasichana ni mbili: Kirigiti, Kiambu, na Dagoretti, pembeni mwa Nairobi. Bostali za wavulana ni Shikusa na Shimo la Tewa. Ya wasichana ni moja tu, Kamae, upande wa Kamiti, na ilikuja miongo kadhaa baada ya zile za wavulana. Umeona? Zote tatu za wasichana zimejibana kandokando ya jiji moja.

7/ Manake yake ni nini? Msichana wa Mombasa akiamriwa aende shule ya kurekebisha tabia, anasafirishwa karibu kilomita 480. Wa Lodwar, zaidi ya hapo. Mama yake muuza samaki atakuja kumwona mara ngapi kwa mwaka? Na yule afisa wa watoto anayepaswa kuandaa familia kumpokea, atafanya hivyo kwa simu? Mvulana wa Pwani angalau ana nafasi ya kukaa Likoni. Msichana wa Pwani kosa lake ni lile lile, lakini adhabu yake ina umbali juu yake.

8/ Sasa tuone msichana huingiaje huko. Tumwite Naliaka. Si mtu halisi, ni mfano nimeuunda ili tufuate mtiririko. Ana miaka 15. Baba wa kambo anamfuata usiku. Anatoroka nyumbani. Analala kwa rafiki wiki mbili, rafiki anachoka. Anahamia kwa mwanamume wa bodaboda anayemlisha, na mnajua anamdai nini. Polisi wanafanya msako, Naliaka anashikwa, na kwenye mkoba wake kuna simu ambayo si yake.

9/ Hapo kituoni kuna milango miwili. Mlango wa kwanza: huyu ni mtoto anayehitaji matunzo na ulinzi. Mlango wa pili: huyu ni mtoto aliyekinzana na sheria. Naliaka anatosha kwenye yote miwili. Ni mwathiriwa wa watu wazima wawili, na simu ya watu iko kwenye mkoba. Ni kipi kinachoandikwa rahisi kwenye kitabu cha matukio saa tano usiku? Simu. Simu ina mlalamishi, ina thamani, ina kosa lenye jina. Yale mengine yanahitaji mtu akae chini na kusikiliza.

10/ Kesho yake, mahakamani. Katiba, kifungu cha 49, inampa haki ya kuachiliwa kwa bondi yenye masharti yanayofaa. Sawa. Lakini nani atasimama kama mlezi? Nyumbani ndiko alikotoroka. Hakimu anauliza kama kuna ndugu salama, hakuna aliyemtafuta. Basi inaamuliwa aende rimandi "kwa usalama wake". Ona kwamba hakuna mtu mbaya kwenye hiyo chumba. Kila mmoja amejaza fomu yake sawasawa. Lakini aliyemdhulumu analala nyumbani, na aliyedhulumiwa amefungiwa mlango kwa nje.

11/ Nimekaa kwenye mabenchi ya mahakama za watoto vya kutosha kujua kwamba hayo maneno, "kwa usalama wake", huwa ya upole sana. Husemwa kwa nia njema. Na hapo ndipo penye hatari, manake hakuna anayepinga kitu kinachosemwa kwa nia njema. Mvulana aliyeiba simu hiyo hiyo, kama babake amefika na kitambulisho, ana nafasi nzuri ya kulala kwao. Tofauti yao iko kwenye swali moja: nyumbani kuna mtu salama au hakuna.

12/ Historia pia inatufuata. Sheria ya zamani ya 2001 ilimhesabu mtoto anayeombaomba, anayekwepa shule, au aliyewashinda wazazi kuwa mtoto anayehitaji ulinzi. Vizuri. Lakini "ulinzi" huo ungeweza kuishia kwenye shule ile ile ya kurekebisha tabia pamoja na aliyepatikana na kosa. Bweni moja, ratiba moja, jina moja mtaani akirudi. Sheria ilibadilika 2022. Mazoea ya ofisi hayabadiliki kwa tarehe ya gazeti rasmi la serikali.

13/ Kisha kuna makosa ambayo, kwa jinsi yalivyo, hushika wasichana. Kuficha uzazi. Kuua mtoto mchanga. Kutoa mimba. Yote yamo kwenye Kanuni ya Adhabu. Msichana wa miaka 16 aliyejifungua peke yake chooni anaweza kuanzia hospitali na kuishia kituoni, na yule aliyempa mimba haulizwi hata jina. Na hapa nakumbusha: chini ya Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006, aliyempa mimba mtoto ndiye mwenye kesi ya kujibu.

14/ Kuna kesi ya kweli mnapaswa kuijua. 2019, Kaunti ya Kilifi, msichana ambaye hajafika miaka 18 alipata matatizo ya ujauzito, akaenda kutibiwa. Polisi walimkamata yeye pamoja na mhudumu wa afya aliyemtibu. Alilazimishwa kupimwa mwili, kisha akawekwa rimandi ya watoto kwa zaidi ya mwezi mmoja. Machi 2022, Mahakama Kuu ya Malindi iliamua kukamatwa na kushtakiwa kwao hakukuwa halali. Hukumu hiyo ilipelekwa rufaa, na mjadala wa utoaji mimba una pande zake. Mimi hapa nawaonyesha kitu kimoja tu: mgonjwa mtoto alitolewa hospitali akapelekwa rimandi.

15/ Mfano mwingine, huu wa nyumba zetu sisi wenyewe. Msichana wa kazi, miaka 16, anadai mshahara wa miezi mitatu. Jioni mkufu "unapotea". Anapelekwa kituoni kwa wizi unaofanywa na mtumishi. Wazazi wako kijijini, simu haishiki, na mdai wake ndiye mlalamishi. Kumbuka huyo msichana hana hata mahali pa kurudi kulala usiku huo, manake alipokuwa akiishi ndiko kwa mlalamishi.

16/ Sasa tuingie ndani. "Huduma zinazozingatia jinsia" ni neno kubwa kwa vitu vidogo sana. Sodo, kwa mfano. 2017 Sheria ya Elimu ya Msingi ilifanyiwa marekebisho ili kila msichana aliyebaleghe, aliyesajiliwa katika shule ya umma, apate sodo bure. Soma vizuri: aliyesajiliwa shuleni. Msichana wa rimandi ametolewa shule yake na hajui atakaa siku ngapi. Yuko kwenye daftari la nani? Swali dogo, lakini mwili haungojei tarehe ya kesi kutajwa.

17/ Kupekuliwa ni lingine. Kwa mtu mzima, kuvuliwa nguo na kukaguliwa ni fedheha. Kwa msichana ambaye kisa chake chote kilianza na mtu mzima kumvua nguo, ni kurudishwa chumba kile kile. Ndio maana msichana anapaswa kuwa chini ya uangalizi wa mwanamke tangu kituoni, kwenye gari, mpaka anaposubiri mahakamani. Sasa uliza kituo cha karibu nawe kina maafisa wangapi wa kike zamu ya usiku. Kama ni sufuri, sheria imevunjwa kabla kesi haijaanza.

18/ Kanuni za Bangkok, zilizopitishwa na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa Desemba 2010, zina kanuni 70, na nne kati yake, 36 hadi 39, ni za wasichana walio chini ya umri. Zinataka wapate elimu na mafunzo ya kazi sawa na wavulana. Wapate ushauri nasaha kwa waliodhulumiwa kingono. Waonwe na daktari wa magonjwa ya wanawake. Wenye mimba wafuatiliwe na mtaalamu, manake umri wao unaongeza hatari. Huu si mkataba wa kulazimisha, ni mwongozo. Lakini ukiuweka kando ya kifungu cha 53, unajua "mazingira yanayozingatia jinsia" yanafanana vipi.

19/ Hapo kwenye "mafunzo sawa" tusipite haraka. Mtoto wa kiume akifundishwa useremala, uchomeleaji na umekanika, halafu wa kike apewe ushonaji, ususi na upishi, tumempa nini? Sidharau cherehani, imesomesha wengi. Lakini awe na chaguo. Na shule yenyewe isikatike: tangu 2020 kuna mwongozo wa kitaifa wa kumrudisha shuleni mwanafunzi aliyeacha masomo, akiwemo aliyejifungua. Anayetoka kwa mlango wa Kirigiti anauhitaji kama yule wa kijijini.

20/ Sasa hoja mtakazosikia jukwaani. HOJA YA KWANZA: "Wasichana ni wachache, pesa ziende kwa wengi." Ni kweli ni wachache. Utafiti wa dunia wa Umoja wa Mataifa kuhusu watoto walionyimwa uhuru, wa 2019, uliona kuwa asilimia 94 ya watoto wanaozuiliwa kupitia mfumo wa haki ya jinai ni wavulana. Lakini uchache huo ndio unaotuletea shule mbili pembeni mwa Nairobi. Ukigawa kwa vichwa tu, mchache kila mara atapata kilichobuniwa kwa ajili ya mwingine, na tena mbali. Na upande wa pili wa uchache: kama ni wachache hivyo, kuwatafutia familia salama badala ya kuwafungia kunawezekana. Hatuzungumzii maelfu.

21/ HOJA YA PILI: "Mtoto wa kiume amesahaulika." Hii siibezi. Nenda rimandi yoyote uone ni nani wamejaa. Wavulana pia hudhulumiwa kingono, na wengi hawasemi kwa sababu tumewaambia mwanamume halii. Lakini soma Katiba tena: inasema jinsia ya mtoto, haisemi "ya msichana". Kuzingatia jinsia kunamlazimisha mlezi wa bweni la wavulana naye aulize huyu wa kwangu amepitia nini. Mwanasiasa anayewagombanisha watoto hawa wawili, muulize amewahi kuomba bajeti ya yupi kati yao.

22/ HOJA YA TATU: "Mnabembeleza wahalifu." Kuna mtoto aliyemwumiza mtu, na aliyeumizwa ana haki ya kuona haki ikitendeka. Sikatai. Kuna wasichana waliofanya makosa mazito, na kwa hao mahakama ina nguvu za kutosha. Lakini karibu wote hawa watatoka wakiwa bado vijana. Miaka 3 ya juu ya bostali inaisha haraka. Atarudi mtaani kwenu. Ukimtoa na hasira ile ile, nyumba ile ile mbaya, na sasa ana jina baya juu yake, nani amefaidika? Hata yule aliyeibiwa simu hajafaidika.

23/ HOJA YA NNE ndiyo inayowasha moto: "Hawa watoto wa jinsia zisizoeleweka ni ajenda ya kigeni." Twende polepole, manake hapa watu huchanganya vitu viwili. Mtoto huntha, au mwenye jinsia mbili, amezaliwa na mwili ambao daktari hawezi kuuweka moja kwa moja upande wa kike au wa kiume. Hajaambukizwa na intaneti. Sensa yetu ya 2019 iliwahesabu watu huntha 1,524. Sheria ya Watoto ya 2022 inamtaja mtoto huntha kwa jina, na kusema atendewe kwa heshima na apate matibabu, matunzo na elimu. Bunge la Kenya ndilo lililoandika hivyo.

24/ Na mahakama zetu zilianza zamani. Desemba 2010 Mahakama Kuu iliamua kesi ya mtu huntha aliyekuwa amefungwa Kamiti pamoja na wanaume, akipekuliwa mbele ya wengine kama maonyesho. Madai yake mengi yalikataliwa. Lakini kuhusu upekuzi ule, majaji walisema ni unyama na udhalilishaji, wakamwamuru alipwe shilingi 500,000. 2014 ikaja Sheria ya Watu Walionyimwa Uhuru: mtu huntha anachagua apekuliwe na wa jinsia gani, na anawekwa kando na wengine.

25/ Kundi la pili ni vijana waliozaliwa na mwili unaoeleweka lakini wanajitambua tofauti na walivyosajiliwa, au mavazi na mwenendo wao haufuati tunavyotarajia. Msichana anayevaa na kutembea kama mvulana, kwa mfano, au kinyume chake. Kwao sheria haijakaa wazi vile. Lakini Agosti 2025 Mahakama Kuu ya Eldoret ilimpa fidia ya shilingi milioni 1 mwanamke aliyebadili jinsia kwa jinsi alivyovuliwa na kupekuliwa akiwa kizuizini, na kuitaka serikali iweke sheria ya kuwalinda watu kama yeye. Alikuwa mtu mzima. Sasa fikiria miaka 14.

26/ Unaweza kuwa na imani yako kuhusu jambo hili, na mimi siko hapa kuibadilisha. Maswali ya mlango wa rimandi ni ya kawaida kabisa: huyu mtoto analala bweni lipi? Anaoga saa ngapi, na nani? Nani anampekua? Akipigwa usiku, anamwambia nani? Mchungaji, imamu na mwanaharakati wanaweza kutofautiana kwa mengine yote na bado wakakubaliana kwamba mtoto asinajisiwe akiwa chini ya ulinzi wa serikali.

27/ Tahadhari moja lakini. "Kuwekwa kando" kunaweza kugeuka adhabu. Ofisa asiye na chumba kingine atamweka peke yake, mlango umefungwa, wiki baada ya wiki, na kuandika kwamba amelindwa. Kanuni za Umoja wa Mataifa za 1990 kuhusu watoto walionyimwa uhuru zinapiga marufuku kifungo cha upweke kwa mtoto. Kando na wanaoweza kumdhuru, sawa. Kando na darasa, uwanja, chakula cha pamoja na maongezi, hapana. Ni ile ile "kwa usalama wake" ya Naliaka, imevaa nguo nyingine.

28/ HOJA YA TANO: "Hakuna pesa." Basi tuhesabu. Kumfungia mtoto kunahitaji jengo, ukuta, walinzi, chakula mara tatu, gari la kumpeleka kortini kila kesi inapotajwa. Kumwacha kwa shangazi salama chini ya uangalizi wa afisa wa probesheni au wa watoto kunahitaji afisa na nauli yake. Sasa utaona wapi tumekwama: ukuta una fungu lake kwenye bajeti tangu zamani, nauli ya afisa wa kwenda kumtafuta shangazi mara nyingi haina. Hapo ndipo Naliaka alipopotelea. Kungekuwa na mtu wa kupiga simu tatu na kupanda matatu moja, pengine asingelala rimandi.

29/ Kwa hivyo msaada wenyewe unafananaje? Kwa mpangilio:
Kituoni, mtu wa kuuliza "ulitoroka nini?" kabla ya "uliiba nini?"
Nyumba salama ambayo haina kufuli la nje, kwa yule asiye na pa kulala.
Wakili wa bure tangu siku ya kwanza.
Ndani, afisa wa kike, sodo, daktari, mshauri nasaha, darasa.
Chumba na utaratibu wa mtoto huntha uliofikiriwa kabla hajafika, si usiku ule anapofika.
Na anapotoka, mtu wa kumfuatilia nyumbani kwa miezi kadhaa.
Hakuna kitu hapo cha ajabu.

30/ Msichague kiti kibaya kwa swali zuri. Katiba imegawa kazi, kwa hivyo:
Anayetaka urais au ubunge: polisi, mahakama na taasisi hizi ziko chini ya serikali kuu. Muulize ni lini eneo la Pwani, Magharibi na Kaskazini litapata mahali pa wasichana, na ni pesa ngapi zimewekwa kwa maafisa wa watoto wa nyanjani.
Ugavana: hospitali na zahanati ni za kaunti. Muulize ni muuguzi gani wake anayefika rimandi iliyo kwenye kaunti yake, na mara ngapi.

31/ Useneta: muulize atakagua vipi kama gavana amefanya hivyo.
Mwakilishi wa Wanawake: kuna hazina ya usawa anayoisimamia. Muulize kama msichana aliyetoka Dagoretti anahesabiwa kwenye mipango yake, au ni vikundi vyenye picha nzuri pekee.
Udiwani: wodi ina nyumba salama? Watu wa nyumba kumi wanajua wampigie nani?
Akijibu "tutawanyoosha", rudia swali.

32/ Na sisi wapiga kura tuna kazi pia. Namba 116 ni ya bure, ya kuripoti mtoto aliye hatarini. Ukisikia msichana wa jirani ametoroka nyumbani mara ya pili, usianze na "amekuwa mbaya". Uliza anakimbia nini. Na ukiitwa kituoni kama shangazi, mjomba au mwalimu, nenda na kitambulisho chako. Huenda wewe ndiye mtu salama aliyekuwa anakosekana kwenye hiyo faili.

33/ Nimemaliza. Kama umewahi kufanya kazi kwenye mahakama za watoto, au unasimamia dawati la watoto kituoni, niambie kwenye komenti wapi mambo yanakwenda vizuri kwenye kaunti yako, ili wengine waige. Msitaje jina la mtoto yeyote wala kitu cha kumtambulisha, hata kama kisa ni kizuri. Uzi ujao: ni nani hasa anayelipia mafuta ya gari la polisi.